Bani Awf, Jabal Shams au Jabal Akhdar: gari lako lipite korongo lipi la Oman?

Wageni wangu wanaotua Muscat kutoka Dar, Unguja na Mombasa huwa wameshaiona picha kwenye simu. Gari jeupe limesimama ukingoni, chini yake korongo ambalo macho hayafiki, na milima ya kijivu isiyo na hata jani. "Nipeleke hapo," wananiambia. Hapo wapi? Picha hizo ni za sehemu tatu mbalimbali. Asiyezitofautisha ama atakodi gari la bei kubwa kwenda mahali ambako ni lami tupu, ama atajikuta na gari dogo la chini kwenye njia ambayo mbuzi wenyewe huiteremka kwa hadhari.

Zote tatu zimo katika safu moja, milima ya Hajar, inayoitenga pwani ya Batina na bara ya Oman. Ya kwanza ni Wadi Bani Awf, njia ya mawe inayovuka safu nzima kati ya Al Hamra na upande wa Rustaq. Ya pili ni Jabal Shams: unapanda mpaka ukingo wa korongo la Wadi Nakhr, unatazama, unarudi ulikotoka. Ya tatu ni Jabal Akhdar, unakopanda kwa lami kutoka Birkat al Mawz hadi uwanda wa juu wa Saiq wenye vijiji na mashamba ya matuta. Nimeziendesha zote, na nakwambia mapema ninavyoona: Bani Awf ndiyo safari, hizo mbili ni matembezi. Ila si kila anayekuja Oman ana haja ya safari. Mwingine amekuja na mama yake mwenye presha.

Kwanza tusawazishe maneno, maana Kiarabu na Kiswahili hapa vinasikilizana nusunusu. Kwetu jabali ni jiwe kubwa. Kwao jabal ni mlima mzima. Na wadi ni bonde la mto uliokauka, ambao siku nyingi za mwaka ni mawe na vumbi, na siku chache ni mto unaosomba magari. Nitarudi huko.

Ukale wenyewe uko wapi

Matangazo ya utalii hayachoki na "njia ya kale". Kama unautafuta ukale kwa dhati, barabara kongwe kuliko zote ni ile utakayoipita umesinzia kwenye kiti: barabara kuu ya Muscat kwenda Nizwa. Inafuata Wadi Samail, mwanya mkubwa katika safu ya Hajar, na humo ndimo misafara ilimopita karne kwa karne kati ya bahari na bara. Samail ndiko alikotoka Mazin bin Ghaduba, anayetajwa kuwa Muomani wa kwanza kusilimu. Leo watu wanaipita kwa kilomita 120 kwa saa huku wakitafuta pa kunywa chai ya maziwa.

Makorongo ya juu yalikuwa njia za mkato za watu wa milimani, kwa miguu na kwa punda. Kaskazini ya mlima iko Rustaq, kusini iko Nizwa, miji miwili iliyokuwa makao ya maimamu kwa zamu. Mwaka 1624 Nasir bin Murshid aliteuliwa imamu huko Rustaq, na ukoo wa Yaarubi ukaanza kutawala. Imamu wa ukoo huo huo, Saif bin Sultan, ndiye ambaye watu wake waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Kaburi lake limo ndani ya ngome ya Rustaq. Nilimfikisha hapo rafiki yangu mmoja wa Mombasa baada ya kuvuka Bani Awf, nguo zetu nyeupe kwa vumbi. Akasimama kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe huyu mzee alikuja kwetu akitokea huku?"

Basi kwa ukale, Bani Awf inaongoza katika hizi tatu, kwa sababu bado inafanya kazi yake ya zamani: inakutoa upande mmoja wa mlima na kukufikisha wa pili. Jabal Shams ni mwisho wa barabara. Jabal Akhdar ina ngazi na vijia vya zamani sana vinavyopanda kutoka mabondeni, lakini barabara ya gari yenyewe ni ya juzi tu.

Bani Awf: korongo unaloingia ndani yake

Ukitokea Al Hamra unapanda kwa lami, kona juu ya kona, mpaka Sharfat al Alamayn, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sharfa ni roshani, na kweli ni roshani. Nyuma yako bara yote imelala tambarare na mitende yake. Mbele yako mlima umekatika ghafla na mikunjo ya mawe inashuka kuelekea pwani mpaka ipotelee kwenye ukungu wa joto. Hapo ndipo wengi hupiga picha na kurudi, na sioni kosa lao, maana kuanzia hapo mambo hubadilika.

Njia ya kushuka ni changarawe na mawe, nyembamba, mahali pengi ni ya gari moja tu. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni hewa. Kwa kilomita si nyingi, lakini usihesabu kilomita. Hesabu saa tatu hadi nne pamoja na vituo, na zaidi ukikutana na magari ya vijana waliotoka Muscat siku ya Ijumaa. Unapita kijiji cha Hat, kisha kuna njia ya pembeni ya kwenda Bilad Sayt. Usiiache. Kijiji kimebanwa kwenye kisigino cha genge, nyumba zimepandana kwa rangi ya udongo ule ule wa mlima, na mbele yake matuta ya kijani ya vitunguu saumu, majani ya ng'ombe na mitende, yote yakinyweshwa na mfereji. Acha gari nje ya kijiji uingie kwa miguu, umevaa kwa heshima, na kamera usiielekeze kwa wanawake. Watu wanaishi mle, si makumbusho.

Chini zaidi korongo linajifinya hadi pale wanapopaita korongo la nyoka, Wadi Bimah, ambako vijana huteremka kwa kamba na kuogelea katikati ya kuta zilizokaribiana. Hilo si la gari wala si la mtu wa umri wangu. Na mahali fulani katika ukiwa huo wa mawe, bila taarifa, unakutana na uwanja wa mpira wa kijani kabisa, una magoli na nyavu, milima imeuzunguka kama mashabiki. Mgeni wangu mmoja aliomba tusimame akapige penalti moja. Tulisimama.

Sasa dereva. Mara yangu ya kwanza nilishuka kutoka Al Hamra nikiwa na ami yangu pembeni, mzee aliyezaliwa Unguja na kurudi Oman miaka ya sabini, Kiswahili chake bado cha mitaa ya Ng'ambo. Nilikuwa nimeacha gia kwenye D na mguu kwenye breki muda wote. Dakika kama ishirini hivi nikasikia harufu, kama ya nywele zinazoungua. Ami hakunikaripia. Alishusha kioo, akanusa, akasema: "Mwanangu, mlima hushukwa kwa gia, haushukwi kwa mguu. Simama hapo penye upana, tunywe maji." Tulikaa nusu saa kwenye kivuli cha mwamba tukingoja breki zipoe, yeye akila tende na kunisimulia habari nyingine kabisa. Tulipoondoka tulikuwa kwenye gia nzito ya 4x4, injini ikinguruma na gari likijizuia lenyewe, na mguu wangu ulikuwa karibu hauna kazi.

Tangu siku hiyo ushauri wangu ni wa kinyume na wa wengi: kama hujaizoea, ipande njia hii kutoka upande wa Rustaq, usiishuke. Kupanda kunaitesa injini, na injini ya Land Cruiser imeumbwa kwa mateso. Kushuka kunazitesa breki na moyo. Ukipanda, pia, ile roshani inakungoja mwisho kama malipo, na usiku unalala Al Hamra au Misfat al Abriyin badala ya kurudi Muscat umechoka.

Kitu kingine ambacho wageni wa Afrika Mashariki hawakifikirii: Oman tunaendesha mkono wa kulia na usukani uko kushoto. Barabara kuu hilo unalizoea kwa siku moja. Lakini gari likikutokea ghafla kwenye kona, mkono uliolelewa Arusha au Nakuru huvuta kushoto kabla akili haijaamka. Niliwahi kumpa usukani rafiki yangu ambaye kazi yake ni kuwapeleka watalii Ngorongoro, dereva hodari kuliko mimi. Aliniambia kushuka kreta si kitu kwake. Kweli, ila pale kreta barabara ya kushuka ni ya kushuka tu, hukutani na mtu anayepanda. Bani Awf inapitwa huku na huku. Alipokutana na pikapu ya mwenyeji kwenye kona ya tatu, alivuta kushoto, pikapu nayo ikaja upande ule ule, zikabaki hatua mbili kugusana. Mwenyeji alitoa mkono dirishani, akatabasamu, akarudi kinyumenyume mita hamsini bila kuangalia kioo. Wenyeji hawa wanaijua kila jiwe. Taratibu ni kwamba anayepanda hupishwa, lakini mwenyeji akikupisha, shukuru upite.

Ukitokea upande wa Rustaq mlango wa korongo uko karibu na Al Awabi, na jirani yake iko Wadi Bani Kharus, bonde lililotoa maulamaa wengi wa madhehebu ya Ibadhi. Huko ndiko alikotoka Sheikh Nasir bin Abi Nabhan al-Kharusi, aliyemfuata Sayyid Said Unguja na kufia huko mwaka 1847. Kina Kharusi wa Unguja na Pemba watakaosoma hapa hawahitaji kuambiwa zaidi.

Jabal Shams: korongo unalolitazama

Jabal Shams ni mlima mrefu kuliko yote Oman, unapita kidogo mita 3,000. Kilele chenyewe kina kambi ya jeshi na hakiendeki. Unakokwenda wewe ni uwanda ulio kama mita 2,000, ambao ukingo wake unaangukia Wadi Nakhr, karibu kilomita moja kwenda chini. Ukisimama pale mara ya kwanza magoti huwa na maoni yao.

Gari halina kazi kubwa. Sehemu kubwa ya njia ni lami, na kwa miaka mingi kipande cha kati kimekuwa changarawe yenye matuta madogo yanayotikisa meno. Watu wamepanda na magari madogo na wakafika. Nisingekushauri ufanye hivyo, na sababu si kwamba gari litakwama. Kwenye mteremko wa changarawe gari dogo la gia otomatiki halina gia nzito ya kujizuia, na tumeshazungumza habari za breki.

Ubora wa Shams ni kwamba miguu inamaliza kazi iliyoanzwa na gari. Kutoka kijiji cha Al Khitaym kuna kijia kinachofuata ubavu wa genge, ukuta kushoto na shimo kulia, kwa kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili kwenda, mpaka kijiji kilichohamwa cha Bani Khamis, nyumba za mawe zilizopachikwa chini ya mwamba unaoning'inia. Watu walilima matuta hapo juu ya genge! Kijia si kigumu kwa mtu mwenye viatu vizuri, lakini hakina ukingo wa kushikia, na mtoto wa miaka mitano hapaswi kuwepo. Njiani utakutana na mbuzi wasioogopa mtu, na huenda wakaufungua mkoba wako kabla hujaamua kula. Juu zaidi ya uwanda iko mireteni, miti mizee iliyopindapinda, na usiku wa Januari baridi hushuka mpaka maji ya chupa yakaganda. Mgeni mmoja wa Tanga alinilaumu wiki nzima kwa kutomwambia achukue koti. Sasa nakwambia wewe: chukua koti.

Kuna Shams ya pili ambayo wengi hawaijui. Badala ya kupanda, unaingia korongo hilo hilo kwa chini, kutoka Ghul, pale magofu ya kijiji cha zamani yanapoonekana ng'ambo ya wadi. Hapo unaendesha ndani ya mkondo wenyewe wa mto mkavu, juu ya mawe ya ukubwa wa kichwa, kuta zikipanda pande zote mbili mpaka mbingu inabaki utepe. Gari ni 4x4 yenye tumbo la juu na hakuna mjadala. Njia haina umbo la kudumu, kila mafuriko huipanga upya, na nyayo za magari ulizozifuata mwaka jana huenda leo zinaishia kwenye jiwe la ukubwa wa jiko. Wanaume wa huku hufuma mazulia ya sufu na singa za mbuzi, mekundu na meusi, na ukinunua kwa mfumaji mwenyewe humsumbui mtu kwa bei. Kwa ladha yangu, nusu siku chini ya Wadi Nakhr ina thamani kuliko siku nzima ya kupiga picha juu ukingoni. Lakini sitaki kukudanganya: wageni wangu wengi walifurahia juu zaidi.

Jabal Akhdar: korongo la watu wa lami

Hii nitaisema kwa ufupi, maana haina siri. Barabara ni pana, lami nzuri, ina taa sehemu za kona na njia za dharura za mchanga kwa gari lililokatika breki. Mtu aliyezoea mlima Kitonga akiwa amebanwa katikati ya malori mawili ataona Jabal Akhdar kama baraka. Hata hivyo, chini kabisa Birkat al Mawz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo 4x4 halipiti. Hakuna kubembeleza. Polisi anatazama gari, anatazama kadi, anakuonyesha pa kugeuzia. Wengi hushangaa, lami yote hii, 4x4 ya nini? Jibu liko kwenye mteremko wa kurudi, mrefu na mkali kuliko unavyoonekana ukiwa unapanda. Jibu ni lile la ami.

Ukigeuzwa na polisi usinune. Falaj al-Khatmayn iko hapo hapo Birkat al Mawz, mmoja wa mifereji mitano iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yake yanagawanyika katika mikono mitatu iliyo sawa, na ukichuchumaa pale yanapogawanyika utaona hakuna mkono uliopunjwa hata kidole. Nimekaa hapo na wageni waliokosa kupanda, na hawakudai fidia.

Juu ni hali ya hewa nyingine. Muscat ikiwa nyuzi 42, huku juu mtu anafungua madirisha. Kati ya Machi na Mei vijiji vya Al Ayn na Al Aqr hunukia waridi, kwa sababu ndio msimu wa kuchuma na kutengeneza maji ya waridi, yale yale bibi zetu waliyokuwa wakiwanyunyizia wageni kwa mrashi. Makomamanga huiva kuanzia Agosti. Hoteli kubwa zimepangwa ukingoni mwa korongo, na kahawa yao inagharimu kama nusu ya tangi la mafuta. Historia nayo iko, na si yote ya kunukia: mlima huu ndio ulikuwa ngome ya mwisho ya Imamu Ghalib bin Ali katika vita vyake na Sultani na Waingereza, 1957 hadi 1959, na Tanuf, mji uliopigwa mabomu na ndege za Waingereza, bado ni magofu yanayoonekana kando ya barabara ya kutoka Nizwa kwenda Al Hamra. Dakika kumi tu, lakini simama.

Gari, mkataba wake na spea yake

Hapa ndipo uamuzi hasa unapofanyika, na watu hulifanya la mwisho. Nenda kakodi gari, uliza moja kwa moja: "Mkataba huu unaniruhusu kutoka nje ya lami?" Usiulize kama gari ni 4x4. Litakuwa 4x4, limesimama hapo linameta. Mimi nilikodi kwa kampuni moja, kijana wa mapokezi akaniambia "gari hili linapanda popote", na kwa hilo alikuwa mkweli. Kilichopandishwa baadaye ni bili. Jiwe la Bani Awf lilikuwa limekata ubavu wa tairi, na ukurasa wa pili wa mkataba, kwa herufi za ukubwa wa mchele, ulikuwa unasema bima haihusiki na matairi wala na uharibifu wowote nje ya barabara iliyowekwa lami. Nililipa tairi jipya. Ingekuwa ni gari zima lililoteleza, ningekuwa bado nalipa.

Kwa hiyo, kama mkataba hauruhusu, chaguo lako limebaki moja: Jabal Akhdar kwa gari lako, na Bani Awf kwa gari la mtu mwingine mwenye dereva wake. Al Hamra, Nizwa na Rustaq wako madereva wa kukupitisha kwa siku, na mkigawana watu wanne si pesa ya kutisha. Wengine kati yao wanazungumza Kiswahili, usishangae. Jaribu salamu kwanza. Mara mbili nimeanza na Kiarabu changu cha kuvunjika, nikajibiwa "Marahaba, umetoka wapi weye?"

Ukienda mwenyewe, punguza upepo wa matairi kidogo ukiacha lami, na beba kompresa ya kuyajaza tena. Hakikisha spea ni tairi zima, si ile nyembamba ya dharura, na kwamba jeki ina ubao wa kukalia, maana kwenye changarawe jeki huzama. Jaza mafuta kabla ya kuingia mlimani. Maji ni lita nyingi kuliko unavyodhani. Simu hupoteza mtandao ndani ya korongo, basi ramani ipakue mapema na umwachie mtu taarifa ya njia na saa ya kutoka. Namba ya dharura Oman ni 9999.

Mbingu ya mbali

Usiitazame mbingu ya juu yako. Mvua inayokuua kwenye wadi imenyesha kilomita thelathini nyuma ya mlima ambao huuoni, na kwako jua linawaka. Mwamba haunywi maji, kila tone linateremka, na makorongo yote haya ni mifereji tu ya kuyakusanya. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yalilisomba gari lililobeba watoto wa shule huko Samad al-Shan, na nchi nzima ililia. Sheria inamwadhibu kwa faini na kifungo dereva anayeingia kwa makusudi kwenye wadi linalopita maji, na polisi hawana mzaha nalo.

Hapa tofauti ya njia zetu ni kubwa kuliko kwenye jambo lolote jingine. Wingu likitangazwa, chini ya Wadi Nakhr hapaendeki kabisa. Bani Awf nayo iache, hata kama mgeni wako ana ndege kesho na hatarudi tena. Niliwahi kumkatalia mmoja, akanuna, na jioni tukaona kwenye simu maji ya kahawia yakipita pale tulipokuwa tule chakula cha mchana. Ukingo wa juu wa Shams na uwanda wa Saiq huwa salama zaidi, ingawa mawe huanguka barabarani na ukungu hufunga kona.

Msimu ni Oktoba hadi Aprili. Kiangazi cha Oman si cha kubadilishia tairi juani. Na Ijumaa na Jumamosi ndio mwisho wa wiki wao, basi kama waweza, pita Jumatatu, ila Ijumaa asubuhi uwepo Nizwa kwenye mnada wa mbuzi.

Nani aende wapi

Mwenye wazee, watoto wadogo, au siku moja tu: Jabal Akhdar, bila kujisikia umepunjwa. Machi au Aprili, kwa ajili ya waridi. Mpiga picha, na mtu anayependa kutembea kuliko kuendesha, alale Jabal Shams usiku mmoja, aone jua likiingia korongoni polepole kutoka juu kwenda chini asubuhi. Mwenye gari la kweli, mkataba unaoruhusu, na mwenzake wa kumpokea usukani, aingie chini ya Wadi Nakhr siku ya kwanza ili mikono izoee mawe, kisha Bani Awf siku ya pili.

Na kwa Bani Awf mpango wangu ni huu. Ondoka Muscat saa kumi na moja alfajiri, ufike Rustaq asubuhi mapema. Saa tatu uwe mlangoni mwa korongo karibu na Al Awabi, saa sita Bilad Sayt chini ya kivuli cha mtende, saa tisa roshani ya juu. Usiipunguze saa hata moja, kwa sababu Desemba jua hutua saa kumi na moja na nusu, na ndani ya korongo giza huingia mapema zaidi. Ukiona umechelewa kabla ya njia panda ya Bilad Sayt, geuza. Kule Rustaq ipo chemchemi ya maji ya moto ya Ain al Kasfah, utaosha vumbi na hasira, na korongo litakuwepo kesho.